Paluku wa Butembo na Paluku wa Beni

Jumatatu, 10 Februari 2003

Kadi ya mtandao imefika! Papa Syauswa, mwenye cyber hii ya intaneti, ameileta mwenyewe kutoka Kampala, ameibeba ndani ya koti kama yai, hakukubali hata kuiweka kwenye sanduku. Nimeifungua mbele ya wote. Mpya, bado inanuka plastiki. Nikaimba. Papa Syauswa akaniambia niache kelele, watu wa barabarani watafikiri cyber imefunguliwa tena, waanze kupanga foleni.

Kadi ya zamani iliungua na radi mwezi wa kwanza – na siku gani? Siku ileile Mama alipokuja kusema na Kinshasa. Kitenge kipya, kitambaa kichwani, ameketi mbele ya mashine kama mtu anayepigwa picha, halafu mbingu ya Butembo ikapasuka. Moshi. Basi. Kule Kinshasa wakangoja, wakachoka, wakarudi kwao.

Sasa wameweka siku nyingine, Jumapili ya tarehe 23. Yaya Sadrack, kaka yangu mkubwa aliyeko Kinshasa, ameandika kupitia posta ya redio ya kanisa, ile inayopitisha maandishi tu. Sauti haipiti. Na shida yote ni sauti! Baba yake Nadège, huyo msichana anayetaka kumwoa, ameshasema: binti yake hampi mtu aliyetoka upande wa pili wa vita, ambaye hakuna anayejua kwao. Barua hataki. Picha hataki. Asikie mama mzazi kwa masikio yake mwenyewe. Mara ya kwanza hakusikia kitu. Mara hii ya pili akikosa tena, habari ya ndoa ifungwe, Nadège atafutiwe mwingine.

Yaya alikwenda kusoma kabla vita hivi vya pili havijaanza. Tangu hapo barabara hakuna, ndege hakuna, simu hakuna. Nchi ni moja, lakini mfanyabiashara wa hapa anafika Dubai upesi kuliko Kinshasa. Miaka yote hiyo Mama hajasikia hata kikohozi chake.

Kwa hiyo kadi, nakubusu.

Jambo moja tu: fundi wa Kampala amesema kadi hii haitakubali Linux yetu ya zamani. Mfumo wote upandishwe. CD hazikuwa tayari Papa Syauswa alipoondoka, zitakuja na Kasonia.

Jumatano, 12 Februari

Kasonia amefika kutoka mpakani Kasindi, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Huyu ndiye anayebeba vifurushi vya nusu ya wafanyabiashara wa Beni na Butembo, na maneno yao pia. Amenipa bahasha. Ndani CD mbili, zimeandikwa kwa kalamu nene, zote sawasawa: PALUKU 1.

Paluku ndiyo seva yetu. Papa Syauswa alizibatiza mashine zote siku ya kufungua cyber, kwa utaratibu uleule wa majina tunayowapa watoto wa kiume: ya kwanza Paluku, ya pili Kambale, ya tatu Kasereka, ya nne Kakule, na kuendelea mpaka pembeni ya mlango. Wateja wanapenda. Mtu anaingia anasema, leo nipe Kakule, Kasereka ananichelewesha.

Lakini kwa nini CD mbili za namna moja? Nimefikiri: fundi ni mtu mwema, ameweka ya akiba. Vumbi la barabara linajulikana.

Kesho naanza. Sitalala kwa furaha.

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi: kila kitu kimekubali. Kila kitu! Nafasi ya kuanzishia mashine ilikuwa ndogo, nikafuta kiini cha zamani cha mfumo ili kipya kipate pa kukaa. Nikawasha. Paluku akaamka, akaandika namba yake mpya juu kabisa, na taa ya kadi ikawa kijani. Nikamkumbatia Papa Syauswa! Hakujua aweke wapi mikono.

Mchana: maskini mimi.

Nikaamuru Paluku awagawie wadogo zake mstari wa intaneti. Akaandika kwa Kiingereza kwamba chombo hiki hakipatani na kiini hiki. Nikajaribu kingine. Hakipatani. Cha kupakia kadi vizuri – hakipatani. Taa ya kijani inaniangalia tu.

Naandika hapa nielewe mwenyewe. Kiini, wale wa vitabu vya Kifaransa wanasema noyau, ndicho kinachoongea na vyuma: kadi, diski, waya. Vyombo ni programu ndogondogo zinazokiomba kiini kazi. Kiini kipya kinataka kuombwa kwa namna mpya. Vyombo vyangu ni vya zamani, vinaomba kwa namna ya zamani, na kiini kinavitazama kama ofisa anavyomtazama mtu aliyekosea dirisha. CD hii ina kiini peke yake. Vyombo vipya viko wapi?

Kurudi nyuma siwezi. Kiini cha zamani nimekifuta. Kwa mkono huu, nikiimba. Na hata kingekuwepo, kadi mpya hakiijui.

Papa Syauswa akaja kusimama nyuma yangu.

– Jemima, sasa iko hai ao imekufa?

– Iko hai, Papa. Mais haisikie mutu.

– Donc ni sawa na bibi yangu.

Nikacheka nikiwa nataka kulia. Huyu mzee ana dawa yake.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeifungua CD ya akiba. Ni ileile, herufi kwa herufi. Vyombo hakuna. Nimeiita Kampala majina ambayo sitayaandika.

Jumapili, 16 Februari

Mama anajifunza Kifaransa! Baada ya ibada nimemkuta nyuma ya nyumba anafunga mafungu ya poireaux, vile vitunguu vya majani marefu, za soko la kesho, na kila fungu analisalimia. Monsieur, je vous salue. Anaweka chini. Anachukua jingine. Monsieur, je vous salue. Poireaux zote zimesalimiwa, hakuna hata moja iliyojibu, na yeye anaendelea. Nilimfundisha mwenyewe sentensi nne, amezishika mbili na nusu.

Nimekaa karibu naye, nikamwambia ukweli kwamba mashine bado. Nilidhani atakasirika. Akaniangalia, akaniuliza kama nimekula. Nikasema hapana. Akasema basi ndiyo sababu, mutu mwenye njaa hawezi tengeneza kitu.

Nimekula. Bado sijui vyombo viko wapi.

Jumatatu, 17 Februari

Mungu ni mkubwa na Kasonia ni mjinga! Ngoja niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilimsumbua Papa Syauswa aniache nitumie phonie yake, redio ya kuitia miji mingine. Nikaita Beni, kwenye nyumba ya biashara iliyo na cyber karibu na rond-point, ule mzunguko wa katikati ya mji, kuuliza kama kuna mtu anayejua Linux. Ikajibu sauti nzito, ya mtu wa makamo, ya kuhubiri kabisa. Jina lake Zorobabel. Nikamweleza. Akaanza kucheka peke yake.

Yake imekufa zaidi ya yangu! Naye aliagiza kwa fundi yuleyule wa Kampala. Ameweka kilichokuwa kwenye CD, na sasa kila anachoamuru, hata kuomba tu orodha ya mafaili, mashine inajibu kwamba kiini ni cha zamani mno, halafu inakata. Haimruhusu hata kuingia. Anaitazama kupitia dirishani, kama alivyosema mwenyewe.

– CD yako imeandikwa nini? nikamwuliza.

– Iko mbili. Zote Paluku 2.

– Paluku? Juu ya nini Paluku? Paluku ni ya kwetu!

– Eh, dada! Ya kwetu nayo ni mutoto wa kwanza. Ao kuzaa munazaa Butembo tu?

Nikaangusha maikrofoni. Kwa hiyo! Fundi wa Kampala alinakili CD nne: za kiini mbili na za vyombo mbili, kila nyumba ipate ya kwanza na ya pili. Mimi nimepata za kiini zote mbili. Yeye amepata za vyombo zote mbili. Nina kiini kipya na vyombo vya zamani, yeye ana vyombo vipya na kiini cha zamani. Tungekuwa mtu mmoja tungekuwa wazima!

Tulicheka mpaka nyumba zote zilizokuwa zinasubiri zamu kwenye phonie zikaanza kulalamika. Mmoja wa Luofu, nafikiri, alisema tumwache auze maharagwe yake.

Jumanne, 18 Februari

Phonie haina siri. Leo alfajiri wamama wa kanisa wamefika kwetu wakilia. Mmoja amefunga kitenge kiunoni, wengine wamebeba ndizi na unga. Wamesikia kwamba Paluku amekufa, na kwetu nyumbani Paluku si Yaya Sadrack? Mama alikuwa anawasha moto. Alikaa chini polepole, na uso wake – sitaki kuukumbuka ule uso.

Nilipiga kelele: ni mashine! Ni ya Papa Syauswa! Yaya ni mzima!

Aliyekuwa analia zaidi akauliza kama basi ndizi azirudishe. Tukacheka, Mama wa kwanza, alicheka na machozi yanamtoka na kumshika yule mama shingoni. Wamekaa mpaka jua likapanda. Wamepika walichokileta, wameimba, wamemsikiliza Mama akisema sentensi zake mbili na nusu. Ilikuwa matanga mazuri kuliko harusi nyingine nilizokwenda.

Mchana Papa Syauswa amemleta Kasonia akiwa amemshika mkono kama mtoto aliyeiba sukari. Kasonia hakuona kosa lake hata kidogo! Alinieleza kwa subira, kama mimi ndiye mgumu wa kuelewa.

– Angalia, dada. Benye kuitwa Paluku beko babili. Kila nyumba na Paluku yake. Kwetu tukiwa na ba Paluku babili tunasema je? Paluku wa kwanza, Paluku wa pili. Butembo ni mukubwa, nikakupatia zenye namba moja. Beni ni mudogo, nikabapatia zenye namba mbili. Nilifanya mubaya wapi?

Na hapo ana haki! Kwetu ukoo mzima wanafanya hivyo, mtoto wa kwanza wa mkubwa na mtoto wa kwanza wa mdogo wake, wa kwanza na wa pili, na hawachanganyikani hata siku moja. Papa Syauswa alikuwa anatikisa kichwa kukubali! Nikamkazia macho, akaacha.

Kesho Kasonia anapeleka kiini kimoja Beni na kuniletea vyombo. Kesho kutwa Paluku atakuwa mzima. Jumapili Mama anasema. Nimefunga habari.

Alhamisi, 20 Februari

Sikufunga kitu. Barabara imefungwa tangu jana. Wanajeshi wanasafirisha watu na vitu vyao kuelekea kaskazini, raia hapiti. Wengine wanasema vita vinarudi upande wa Mambasa, wengine wanasema ni mkubwa fulani tu anahamisha vitanda vyake. Kasonia amelala ndani ya gari mbele ya kizuizi.

Nimempa Zorobabel habari kwa phonie. Hakucheka leo. Akasema antena yake iko sawa, kadi yake iko sawa, anachokosa ni kiini tu, na ana mafuta ya jenereta ya kutosha.

Ijumaa, 21 Februari

Kasonia amerudi na CD aliyokuwa anaipeleka, wanasema kesho asubuhi watafungua. Nimepiga hesabu kila upande. CD ya vyombo itoke Beni, ifike hapa, niweke, nijaribu – na kama kitu kimoja kinakataa? Jumapili itakuwa imepita.

Nikamwambia Papa Syauswa njia iliyobaki: mimi na Mama twende kule. Kiini kimfuate Zorobabel, na Mama pamoja nacho. Alikasirika! Maneno ya ndoa ya mtoto wa Butembo yakasemewe Beni, kwenye cyber ya wengine, wakati kadi ameibeba yeye kifuani? Alitembea mpaka mlangoni, akarudi, akatembea tena. Nami nilikuwa na hasira, nikamwambia kama anataka, akamwelezee Nadège mwenyewe kwamba hatapata mume kwa ajili ya jina la cyber.

Nilivuka mpaka, najua. Nikaomba radhi. Akasema hapana, nimesema kweli, lakini nisizoee.

Mama hakuwa na maneno mengi. Hajatoka Butembo tangu vita vianze, hata kwenye maziko ya dada yake hakwenda kwa woga wa barabara. Nilijiandaa kumbembeleza. Alikuwa tayari anafunga poireaux za kupeleka zawadi.

– Kama sauti hapana fika huku, mie nitaenda kule iko.

Jumamosi, 22 Februari – Beni, jioni kabla giza

Niko Beni! Jasho tupu, hapa jua halina huruma. Naandika kwenye ngazi ya cyber ya Zorobabel na nyuma yangu mashine inapumua. Inapumua! Lakini nianze na barabara.

Kasonia aliendesha akiwa mpole, kosa bado linamkera. Mama aliketi mbele na mzigo wake wa poireaux mapajani. Mimi nyuma na CD ndani ya Biblia. Ile nyingine ya akiba niliitafuta asubuhi nisiione, nikadhani nimeiacha kazini.

Kizuizi cha kwanza tulikipita. Cha pili, baada ya Maboya, mwanajeshi mmoja kijana akafungua Biblia yangu. CD ikamtelezea mkononi, akaichezesha juani.

– Oyo nzembo ya nani?

Nyimbo! Alidhani ni muziki. Mama ndiye aliyejibu, bila hata kugeuza kichwa: hiyo ni ya ndoa. Na si uongo! Yule akaita wenzake, wana redio yenye pahali pa CD, wakaiingiza, wakapandisha sauti. Ikatoka kelele kama bati linaloburutwa kwenye mawe. Wote wakaruka. Kijana akaziba masikio:

– Mama na ngai! Oyo libala ya ndenge nini?

Ndoa ya namna gani hii! Hata Kasonia alicheka kwa kuinamia usukani. Nikafikiri sasa watanirudishia. Hawakurudisha. Kijana aliona jinsi inavyong'aa, akajitazama meno ndani yake, akaitundika kwenye kioo cha gari lao. Nikaanza kuomba, akanionyesha barabara kwa kidole. Tukaondoka.

Nililia kutoka pale mpaka karibu na Kabasha. Siyo kulia kwa adabu. Kasonia alikuwa anasema pole, pole, dada. Mama aliniacha mpaka nikamaliza pumzi, ndipo akaingiza mkono katikati ya fungu la poireaux, akatoa CD ya pili imefungwa kwa jani la ndizi.

– Hapana bebaka bitu byote mahali pamoja. Unafikiri mie nauzishaka namna gani na ile bizuizi yote ya njia ya soko?

Nikambusu mikono. Inanuka poireaux, na CD pia, na hivi sasa mashine ya Zorobabel nayo. Sijali!

Zorobabel si mtu wa makamo. Ile sauti ya askofu inatoka kwenye kijana mwembamba wa rika langu, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nilimwuliza Zorobabel yuko wapi. Akasema, unamwona. Nikarudia swali. Sasa ananitania kwa hilo na naona hataacha upesi.

Mji umejaa watu waliokimbia vita. Shule imejaa, kanisa limejaa, na barabara ya kwenda Mavivi kuna turubai mpaka mwisho wa macho. Ndani ya ua wa cyber kuna familia tatu, wanapika kwenye kivuli cha antena. Mama ameshawagawia nusu ya zawadi.

Halafu kazi. Mashine yake ilikuwa inafanya vilevile alivyosema: unawasha, inalalamika kwamba kiini ni cha zamani mno, inakufa. Tukaingiza CD yangu, tukaiwasha kutoka humo. Kiini changu kikaingia penye vyombo vyake. Hakufuta cha zamani kwanza, alikisogeza pembeni, akanitazama kidogo tu. Nikasema hata usifungue mdomo.

Akaniachia mimi nibonyeze. Paluku wa Beni akafikiri. Akaandika namba mpya. Akaendelea, mstari baada ya mstari, bila kugoma, mpaka akaomba jina na neno la siri kama mtu mstaarabu. Zorobabel akaomba orodha ya mafaili, kile kitu kidogo kilichokuwa kimemkataa wiki nzima. Ikashuka orodha yote! Tulipiga kelele kiasi kwamba wale wa uani walikuja mbio, na Mama akauliza ni mutoto mwanaume ao mwanamuke.

Vyombo vinaomba, kiini kinajibu. Mstari umefunguka, kurasa zinafunguka, Yaya nimeshamwandikia aite hapa Beni, na Kasonia anawaeleza watu wote wa ua kwamba CD alizileta yeye.

Jumapili, 23 Februari – Beni

Tumetoka ibadani. Mama amevaa kile kitenge. Nimemwekea kiti. Zorobabel amekaa kwenye seva, anachunga mstari kwa vile vyombo vyake vipya, nami niko kando ya Mama na daftari hili magotini.

Kinshasa saa zao ziko nyuma ya zetu. Tunangoja.

Wanaita!

Yaya. Ni Yaya. Sauti imekuwa nene, na Kiswahili chake kimeingia Lingala kila mahali, lakini ni yeye. Alisema Mama mara moja. Mama akaitazama mashine, akaniangalia mimi, akaitazama tena. Halafu akamwuliza kama alilala vizuri. Baada ya miaka hiyo yote! Kule nikasikia watu wengi wanacheka kwa nyuma, na msichana mmoja kicheko chake ni kizuri sana. Nampenda tayari.

Sauti inachelewa kidogo, inakwenda juu angani kwanza. Mama amezoea. Anasema, anangoja, kama mtu anayeita kutoka kilima hadi kilima.

Sasa baba yake Nadège. Kifaransa cha polepole, cha mwalimu. Amesalimia. Mama akasema monsieur, je vous – na ikaishia hapo. Yote imekimbia. Jasho linamtoka. Mimi namnong'oneza, hasikii. Mzee akasema neno kwa Yaya, Yaya akatafsiri: anasema Mama aache Kifaransa, aseme kwa luga ya kwabo, yeye atasikia sauti, maneno watamweleza.

Mama amenyoosha mgongo. Anasema Kinande. Nilianza kutafsiri mimi, sasa Zorobabel ameichukua kazi hiyo, anaitia kwa Kifaransa kwa ile sauti yake ya kanisani. Naandika anachosema Mama.

Anasema: Baba wa Nadège, mimi ndiye niliyemzaa huyu. Binti yako sijamwona. Akiumwa, siwezi kuja kumwuguza. Akizaa, siwezi kuja kumwogesha mtoto. Barabara hakuna, na sijui nani ataifungua. Wewe uko karibu nao, mimi niko mbali. Kwa hiyo sikuja kukuomba binti. Nimekuja kukupa mwanangu. Mchukue awe wako. Akikosea mpige. Akilia, na analia upesi tangu mdogo, usimcheke. Barabara ikifunguka nitakuja kuwasalimia wote watatu.

Zorobabel aliacha kutafsiri hapo kwenye kukupa mwanangu. Aligeuka kumtazama Mama, kuhakikisha. Kwetu hakuna anayesema hivyo! Mtoto wa kiume hatolewi, wa kwanza tena! Mama akamwambia kwa Kinande: sema vile nimesema. Akasema.

Kinshasa hakuna sauti. Yaya hasemi. Nadège hasemi. Nimemwuliza Zorobabel kwa macho. Ameangalia, amenionyesha kidole juu: mstari mzima, kila kitu kinapita. Hawakukatika. Wananyamaza tu.

Watu wa uani wamejaa mlangoni na hakuna anayekohoa. Mama amenishika goti.

– Jemima, batu bamekwenda?

Hapana, Mama. Wako. Nimesogeza sikio kwenye spika. Kuna mtu anapenga kamasi, kwa nguvu, na tena. Siyo Yaya, ya Yaya naijua. Ni mtu mzima huyu, ni baba yake Nadège. Sasa anavuta pumzi, anasema kwa Kifaransa chake cha polepole: mwana wetu –